Amina Kabla ya Aya ya Nane

Sheria ile niliiandika mimi mwenyewe. Sisi tuliosoma chuo kimoja, ambao kazi na ndoa zimetutawanya kati ya Arusha mjini na miteremko ya Meru, tuna kundi la mjadala kwenye simu, na mwanachama mpya akiingia, jambo la kwanza analokutana nalo ni ujumbe wangu uliobandikwa juu kabisa: Soma andiko lote mpaka mwisho, vuta pumzi, ndipo ujibu. Hilo la kuvuta pumzi lilijadiliwa kwa siku mbili. Wapo walioona ni dharau kumwelekeza mtu mzima namna ya kupumua. Sikulegeza hata herufi moja.

Nilikuwa na sababu. Mwenzetu mmoja, mtaalamu wa kilimo na mtu mpole kupita kiasi, aliwahi kutuandikia makala ndefu kuhusu kung'oa kahawa na kupanda parachichi. Katika nusu ya kwanza aliyapanga vizuri madai ya wanaotaka kahawa ing'olewe. Katika nusu ya pili akayabomoa moja baada ya jingine. Kabla chai yangu ya saa nne haijapoa, alikuwa amekwisha kuitwa msaliti wa babu zake na watu wanne, na wote wanne walikuwa wanakubaliana naye. Mmoja alijitoa kundini kwa hasira, akituachia kama hoja yake ya mwisho jambo lilelile lililokuwa limeandikwa katika aya ya kumi na moja, ambayo hakuifikia. Niliingia pale kama msimamizi wa mtihani. Nilimwambia kila mmoja mahali alipoachia kusoma: ndugu, wewe umesimama aya ya pili, dada, wewe umesoma kichwa cha makala na picha. Sikukosea hata mmoja, nao wenyewe walikiri. Tangu siku hiyo nilipewa heshima fulani katika kundi, na ningesema uongo kama ningedai kwamba sikuifurahia.

Nayaeleza haya mapema ili msomaji asije akanihurumia zaidi ya ninavyostahili.

Mama mkwe wangu anaishi Maji ya Chai, juu kidogo ya barabara kuu, katika nyumba ambayo yeye na marehemu baba mkwe waliijenga chumba baada ya chumba. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Simu janja aliipata uzeeni, zawadi ya mwanawe wa mwisho, yaani shemeji yangu anayefanya kazi Dodoma, naye akaitumia kama alivyoitumia kalamu maisha yake yote, kwa aya. Ujumbe mfupi haujui. Kila anachokiandika kwenye kundi la familia ni barua kamili, yenye salamu, utangulizi, kiini na hitimisho. Anaweza kuanza na ukungu uliofunika mlima tangu Jumanne, akapita kwa ndama anayeharisha, akaingia kwenye mahubiri ya Jumapili pamoja na kosa dogo alilolifanya mwinjilisti, na kumalizia kwa baraka kwa kila kaya kwa mpangilio wa kuzaliwa. Simu huonyesha mistari michache ya mwanzo, kisha hukata na kuweka maneno mawili ya kukaribisha: Soma zaidi. Ni mwaliko ambao familia nzima tulikuwa tunaupita kwa adabu.

Na adabu ndiyo hasa iliyotuponza. Kwetu mzazi akisalimu hangojeshwi. Mama akiandika "Bwana Yesu asifiwe", Amina inadaiwa papo hapo. Tena simu yake, kama simu zote, inamwonyesha nani ameuona ujumbe na ameuona saa ngapi. Kuuona ujumbe wa mzazi ukakaa kimya dakika ishirini, eti unasoma, ni kosa linaloweza kuzungumzwa mpaka Krismasi. Kwa hiyo tulikuwa tunashindana kuwahi. Mmoja alitangulia na jibu zuri, waliobaki wakalichukua kama lilivyo, mithili ya watu wanaoitikia wimbo kanisani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea lugha, ilikuwa imezoeleka kwamba jibu zuri linatoka kwangu. Nilikuwa natunga Amina zenye mapambo.

Katikati ya masika mama alianguka nyuma ya nyumba, akaumia kifundo cha mkono. Hakikuvunjika, kilivimba, kikafungwa bendeji, kikapona. Lakini watoto wake walishtuka, nami pamoja nao, na kwa mshtuko huo tukafungua kundi la pili, lile ambalo nadhani kila familia inalo, lenye watu wote wa kundi la kwanza isipokuwa yule anayejadiliwa. Humo tulikuwa wasomaji hodari. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ni mfamasia Moshi, aliandika maelezo marefu kuhusu mifupa ya wazee, na kila neno lake lilisomwa, likapimwa, likajibiwa kwa hoja. Tulikubaliana wote wanne: mama ahamie kwetu mjini, ng'ombe achukuliwe na jamaa, nyumba ifungwe. Chumba chetu cha mbele, chenye jua la asubuhi, kingekuwa chake.

Shemeji, kwa haraka zake za Dodoma, aliupeleka uamuzi huo kwenye kundi la kwanza kwa bahati mbaya, akaufuta mara moja. Pakabaki ule mstari hafifu unaosema kwamba ujumbe umefutwa. Mama hakuuliza kitu. Tukamshukuru Mungu kwamba hakuwahi kuuona. Sisi, watu tuliosoma.

Baadaye mume wangu alikwenda kumweleza mama kwa mdomo, ana kwa ana, kama inavyopasa. Alirudi na jibu fupi: mama amesikia, atafikiri, na ataandika. Tukalichukua jibu hilo kuwa ni ndiyo, tukaanza kuandaa chumba.

Aliandika Jumamosi moja ya baridi, nikiwa Ngarenaro kwa fundi wa vyuma. Nilikuwa nimekwenda kukatiwa bomba la pazia la chumba chake, kwa kuwa dirisha lile ni pana na mabomba ya dukani hayalitoshi. Fundi alikuwa ameinamia bomba lenyewe na msumeno wa umeme mkononi, akingoja nimwonyeshe pa kukata, simu yangu ilipotetemeka. Nikamwomba anisubiri kidogo.

Nataka nijitendee haki: nilisoma. Nilisoma aya ya kwanza, ya salamu. Kisha nikateremsha kidole mpaka aya ya mwisho, ya baraka, na njiani niliwaona kwa kupita tu nyani walioshuka kutoka upande wa Momela kuvuna mahindi ya watu, pamoja na ng'ombe mwenye mimba. Nikaridhika kwamba mwelekeo wa ujumbe nimeupata.

"Mama, nikate, au unasoma kwanza?" akauliza fundi.

Nikamwambia akate. Na huku msumeno unalia na cheche zinaruka, nikaandika: Amina mama yetu. Tumeupokea ujumbe wako kwa moyo mmoja, na iwe kama ulivyosema. Kwa sababu ya mtikisiko wa benchi la fundi nililoliegemea, kidole kiliteleza nikaweka nukta mbili mwishoni badala ya moja. Niliona, sikujali.

Haikupita dakika tano, mume wangu, ambaye alikuwa nyumbani anapaka rangi chumba cha mama, akaitikia kwamba naye ameupokea kwa moyo mmoja na iwe kama alivyosema. Wifi akaitikia vivyo hivyo. Shemeji akaitikia na kuongeza viganja viwili vilivyokutanishwa. Mama akatujibu kwa neno moja tu, jambo ambalo peke yake lingetosha kutushtua kama tungekuwa watu wa kushtuka: Asanteni.

Wiki mbili baadaye tuliazima gari dogo la mizigo, tukaenda kumchukua. Wifi alitoka Moshi kwa basi akashukia Maji ya Chai, akatukuta tumeegesha karibu na wauza ndizi, tukapanda pamoja. Njia nzima tulikuwa tunapanga nani abebe kabati na nani akae na mama asilie.

Mama hakuwa na dalili ya kulia. Alikuwa amevaa kanga mbili safi juu ya sweta, na amepanga viti vitatu na kigoda chake kwenye baraza la nyuma, kuizunguka meza. Hapakuwa na sanduku, wala kifurushi, wala godoro lililofungwa kamba. Nguo zake zilikuwa kwenye kamba ya kuanikia, zinachuruzika maji. Tulimwamkia, akaitika kila shikamoo kwa zamu yake, akatumiminia chai, akatuuliza habari za njiani, za wajukuu, za kazi. Ndipo akaingia ndani akatoka na karatasi, akazibana kwa kikombe zisipeperuke. Alikuwa amekwenda kwenye duka la stesheneri pale barabarani akachapishiwa ujumbe wake wote, nakala nne, na chini yake majibu yetu. Majibu yalikuwa yamezungushiwa kalamu nyekundu.

"Kabla hatujapakia," alisema, "tusome."

Mume wangu alicheka kidogo, akidhani ni ibada. Mama akampa karatasi na kumwambia aanze. Wanawe hawa wawili aliwafundisha darasa la tatu, kila mmoja kwa wakati wake, na nimeshuhudia kwa macho yangu mwanamume wa miaka hamsini na mbili akikaa wima na kusafisha koo. Alisoma aya tatu za mwanzo: salamu, ukungu, mwinjilisti. Mama alimsimamisha mara mbili kwa sababu ya kumeza vituo. Wifi akapokea nne nyingine: nyani, mahindi, ng'ombe, kwaya ya akina mama. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Kisha mama akanigeukia mimi, kwa upole ambao sikuupenda.

"Aya ya nane nimekuwekea wewe, mkwe wangu. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Nikasoma. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu karatasi hiyo ninayo hadi leo:

"Sasa lile la kuhama. Sihami. Mkono umepona, ng'ombe atazaa karibuni, kahawa inaiva, na jirani yangu nimegombana naye miaka thelathini; nikienda mjini nitaanza na nani? Asiyekubaliana na mimi aandike hapahapa, mbele ya wote, ndani ya siku saba, nami nitamsikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto. Atakayejibu bila kupinga nitajua amekubali, na aliyekubali atakuja kwangu Jumamosi moja ya kila mwezi, atalala, atakula chakula changu, na atafanya kazi nitakayomwonyesha. Zamu zitafuata mpangilio wa majibu yenu. Lile kundi lenu la pembeni mlifunge, ni aibu watu wazima kunong'ona."

Aya ya tisa ilirudi kwa nyani.

Ng'ombe alikuwa anatafuna kwa utulivu bandani, na nilimwonea wivu. Mume wangu alinitazama kama mwanafunzi anayetazama karatasi ya mwenzake na kugundua kwamba naye amekosea. Ndiye aliyejaribu kwanza. Alieleza, kwa heshima zote, kwamba Amina ile haikuwa ya ujumbe mzima. Mama alikuwa ameanza na "Bwana Yesu asifiwe", na kila Mkristo anajua salamu hiyo inajibiwa nini. Kwa hiyo Amina ilikuwa ya salamu.

Mama alilipima jambo hilo kwa haki. Alikubali kwamba salamu inajibiwa Amina.

"Ingeishia hapo ningekuachia," alisema. "Lakini mkeo ameandika iwe kama ulivyosema. Salamu haisemi kitu. Mimi nilisema nini?"

Nilijitolea kueleza kwamba maneno yale yalikuwa ni ya adabu tu, pambo la lugha, na hata wenzangu hawakuyatunga, waliyachukua kwangu.

"Mimi nilikopi tu kwa wifi," akasema wifi, upesi kuliko ilivyostahili baina ya mtu na wifi yake.

"Najua. Mmekopi mpaka nukta mbili." Akaonyesha kwa kalamu nyekundu. Zilikuwepo kweli, katika majibu yote manne, mbilimbili, zimezungushiwa duara. "Miaka thelathini na sita nimesimamia mitihani. Mnadhani sijui darasa linalokopi kwa mtoto mmoja? Tena aliyekosa."

Alikuwa ametutolea alama pia. Mume wangu na wifi walipata sifuri kwa sababu ya kunakili. Shemeji alipata nusu, ya viganja, kwa kuwa angalau hivyo aliviweka mwenyewe. Mimi nilipata mbili kati ya kumi, za mwandiko, naye akanieleza kwamba amenihurumia.

Ningependa kuishia hapo, penye kicheko, kwa sababu hata wifi alianza kutabasamu. Lakini wifi ni mtu makini, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Akauweka mkono wake juu ya ule mkono wa mama uliokuwa umeumia, akasema mchezo tumeuelewa, tumekosa, tunaomba radhi. Ila mchezo hauondoi ukweli kwamba mama alianguka akiwa peke yake, akakaa chini mpaka jirani alipomsikia.

"Na ukianguka tena, mama? Tutasoma kwenye karatasi?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na mama hakulicheka. Akavuta karatasi moja zaidi, ya zamani kidogo, iliyokuwa chini ya nyingine. Ulikuwa ni ujumbe wake mwingine, wa kabla ya masika. Hakutaka usomwe kwa zamu. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja katikati, akanitaka niusome huo tu. Uliandikwa hivi: jiwe la kukanyagia la mlango wa nyuma limelegea upande mmoja na linacheza, atakayepita huku na fundi anisaidie kabla mvua hazijaanza.

Chini yake palikuwa na majibu. Amina ya mume wangu. Amina ya wifi. Viganja vya shemeji. Na jibu langu, refu kuliko yote: Ubarikiwe sana mama kwa ujumbe wenye faraja, umetujenga.

Sote tuligeuza macho kwa wakati mmoja. Jiwe lilikuwa hapohapo, hatua nne kutoka tulipokaa, limeegemea upande wake mmoja. Tulikuwa tumelipita wote tulipoingia, na wifi hata alijikwaa kidogo. Ndipo mama alipoangukia. Katika kurasa zote za kundi la pembeni, pamoja na mifupa na umri na jua la asubuhi, hakuna aliyewahi kuuliza aliangukia wapi.

"Kwa nini hukupiga simu, mama?" wifi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mfamasia tena.

"Nikipiga mnasema mko kwenye kikao, andika tu mama. Nikaandika."

Mume wangu aliinuka akaenda kulitikisa lile jiwe kwa mguu, kana kwamba lingeweza kukanusha. Lilicheza. Akarudi akakaa. Tulimpigia shemeji simu ili naye ajue kinachoendelea. Alipokea kwa kunong'ona akasema yupo kwenye kikao, tuandike. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na baada ya hapo hakukuwa na la kubishania. Wifi aliomba jambo moja tu, kwamba siku mama akiona hawezi, aseme. Mama akaahidi. Ataandika, alisema, tena aya ya kwanza kabisa, ili watu wenye haraka wasipate taabu.

Tulirudi mjini na gari tupu, isipokuwa mkungu mmoja wa ndizi tulioamriwa kuubeba. Kundi la pembeni lilifungwa jioni ileile. Lile la chuo lingali lipo, na sheria yangu ingali juu kabisa. Sikuwasimulia wenzangu jambo hili. Ila tangu wakati huo nimekuwa mzito kumwambia mtu ameishia aya ya ngapi. Nikitaka kuandika, naiona kalamu nyekundu, naacha.

Kwa kuwa nilitangulia kujibu, zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata nikiwa na fundi mwashi, saruji na jiwe jipya bapa. Kazi yangu niliyoonyeshwa ilikuwa kuchota maji na kukoroga zege chini ya usimamizi wa mama, ambaye hajawahi kushika sepetu lakini amewahi kuona. Jirani yake wa miaka thelathini alikuja mpaka kwenye uzio kutuangalia. Alikuwa amesikia kwamba mama anahama, na inaelekea alikwisha kuyapangia kazi majani ya ng'ombe ambayo mama ameyapanda mpakani. Akatoa maoni kwamba jiwe limekaa juu mno. Mama akamjibu kwamba limewekewa watu wanaoinua miguu. Wakaendelea hivyo kwa muda wa kutosha, kwa furaha iliyo wazi, mpaka fundi akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa ni ndugu.

Tulipokuwa tunachambua mboga nilimuuliza mama kitu kilichokuwa kinanikera. Kwa nini aya ya nane? Kama alitaka tujue, mbona alilifukia jambo katikati ya nyani na baraka? Akaniambia bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa na madaftari tisini ya insha kila wiki. Unadhani niliyasoma yote? Nilisoma mwanzo, nikasoma mwisho, nikaweka alama. Mahali msomaji anaposinzia napajua, mkwe wangu. Nimesinzia hapo miaka mingi."

Nilitaka kumkumbusha kwamba huo ulikuwa ni ulaghai, na pengine dhambi, kwa watoto wa watu. Lakini mtu mwenye mbili kati ya kumi hana mahali imara pa kusimama akasema, nikaendelea na mboga.

Fundi alipomaliza alituonya kwamba jiwe lisikanyagwe kwa siku mbili, saruji ishike. Mlango wa nyuma ukazuiwa kwa ubao. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mama hana mazoea ya mlango mwingine. Mlango wa mbele ni wa mchungaji, wa posa na wa misiba. Kitasa chake kilikuwa kigumu mpaka nikakipaka mafuta ya kupikia. Jumapili baada ya ibada ilitubidi tuzunguke nyumba yote, tupite mbele ya maua, tuvue viatu, tuingie sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma ambavyo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuviegemea. Mama aliketi kwenye ukingo wa kochi, magoti pamoja, mkoba wa kanisani mapajani, akiutazama ukuta wake mwenyewe kana kwamba anatafuta mahali pa kusifia. Mimi nilizunguka tena nje mpaka jiko la uani, nikaleta chai kwenye sinia, nikamkaribisha kama anavyokaribishwa mtu mzima aliyekuja kukutembelea, nikamwambia ajisikie nyumbani.

Aliipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwenyeji," alisema. "Ila sitakaa sana. Nimeacha ng'ombe nyumbani."